Ikhtiari ya Mpiga Mishale

Miongoni mwa masuala ambayo wanafunzi wa elimu ya dini hapa Unguja wameyapeleka mbele ya mashekhe wao tangu zama za darsa za Sheikh Abdalla Bakathir huko Ukutani, ambaye aliitoka dunia mwaka 1925, sidhani kama lipo lililo jepesi kuulizwa na zito kujibiwa kuliko hili: ikiwa kila jambo limekwisha kukadiriwa na Mwenyezi Mungu kabla halijawa, ya nini mja kujitaabisha kuchagua? Mkulima wa karafuu huliuliza mvua ikimkosa, na mzazi huliuliza mtoto akimfia, kila mmoja kwa machungu yake. Lakini machungu huvuruga fikira, na kwa hiyo mimi nitalitia suala hili mikononi mwa mtu ambaye bado hajapata wala hajakosa, yaani mpiga mishale aliyesimama mbele ya shabaha, upinde mkono wa kushoto, na mishale kadhaa imelazwa mbele yake, akitafakari ni upi auchukue. Nimemteua yeye kwa kuwa Kurani yenyewe, ilipotaka kuwafahamisha Waislamu mpaka ulio baina ya tendo la mja na tendo la Mola, ilitaja tendo la kurusha: katika Sura ya Al-Anfal, aya ya 17, Mtume (S.A.W.) anafahamishwa, juu ya siku ya Badri, kwamba hakuwa yeye aliyerusha pale aliporusha, bali Mwenyezi Mungu ndiye aliyerusha. Wafasiri wengi husema kilichorushwa siku ile kilikuwa gao la mchanga na changarawe. Lakini yeyote aliyepata kuachia upote, akautazama mshale ukimtoka mkononi, asiweze tena kuurudisha wala kuuongoza, atakiri kuwa maneno hayo yanamhusu na yeye.

Unguja, kusema kweli, si nchi ya pinde. Waarabu wa Omani waliojenga Ngome Kongwe baada ya kumtoa Mreno walikuja na panga, majambia na bunduki. Wasasi wa mashamba, kuanzia Makunduchi mpaka misitu ya Jozani, wamezoea mbwa na nyavu. Na mishale ya watoto wetu ni chelewa za makuti zirushwazo na vijiti vilivyofungwa kamba. Mwenye kutaka kuiona mishale inayompa mtu chakula chake cha kila siku yampasa avuke bahari aende bara, mpaka kwa Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, ambao huyanyosha mawano yao, yaani miti ya mishale, kwa moto na kwa meno, na ambao hawachukui mshale mmoja kwa kila kiumbe: wenye ncha ya mti mtupu ni wa ndege na wanyama wadogo, na wenye chembe cha chuma kilichopakwa sumu ni wa mnyama mkubwa. Katika Mji Mkongwe pinde na mishale huonekana madukani mwa mtaa wa Gizenga, zimening'inizwa kwa ajili ya wageni, zimepakwa rangi na kuvikwa manyoya ya mapambo, na mimi kila nizionapo huona huzuni kidogo, maana ni vyombo vilivyoumbwa bila ya mtu yeyote kukusudia vifanye kazi yake.

Asiyejua hudhani kuwa mshale ni mshale, na kwamba ubora wake wote umo katika unyofu wa wano na ukali wa chembe. Unyofu na ukali ni sharti, lakini havitoshi. Chukua upinde wa jadi ambao ncha zake zimepindwa kuelekea mbele, kinyume cha upande unaovutwa, kama zilivyokuwa pinde za pembe na mishipa walizozitumia wapiganaji wa Kiarabu na wa Kituruki. Pachika mshale upoteni, nawe utaona ya kuwa mti wa upinde umekaa katikati ya njia, hata mshale ulio tayari kuondoka hauielekei shabaha barabara, bali unaelekea pembeni yake kidogo. Lau mshale ungekuwa kitu kisichopinda abadan, ungekwenda huko huko pembeni. Lakini upote unapoachiwa, nguvu yake huusukuma mshale kwa nyuma ilhali ncha yake nzito haijatii bado, na wano likapinda. Likauzunguka mti wa upinde, likapinda tena upande wa pili, likaendelea hivyo kwenda na kurudi huku mtetemo ukipungua, mpaka likatulia katika njia ya shabaha. Jicho la mwanadamu haliwezi kuyaona hayo, nayo yalipata kuthibitishwa kwa macho pale tu zilipopatikana kamera za kasi kubwa katika karne ya 20; lakini mikono ya wajuzi iliyajua kabla ya hapo kwa karne nyingi.

Kwa sababu hiyo mwenye kuchagua mshale hupima, kabla ya kitu kingine chochote, kadiri ya kupinda kwake. Kanuni ya mafundi wa mishale ya mti ni hii: wano huwekwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 26, likatundikwa katikati uzito wa ratili 2, kisha ikatazamwa limebonyea kiasi gani, na hizo inchi 26 zikigawanywa kwa kiasi hicho cha kubonyea, jawabu ndiyo ratili za upinde unaolifaa. Lililobonyea nusu inchi linaufaa upinde wa ratili 52. Mpigaji wa mkono wa kulia, mwenye kuuweka mshale upande wa kushoto wa upinde, akitumia mshale mgumu kupita kiasi, utamwendea kushoto. Akitumia ulio mlegevu, utamwendea kulia, hata akilenga kwa uangalifu wote alionao. Tena wano likiwa refu zaidi, au chembe kikiwa kizito zaidi, mshale hulegea kuliko ulivyopimwa; na manyoya, ambayo kwa kawaida huwa matatu, sharti yatoke katika mabawa ya upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, kwa kuwa mkunjo wa nyoya ndio unaouzungusha mshale hewani, na mawili yanayoshindana na la tatu huuharibia mwendo. Wanazuoni wetu hawakuyaona mambo haya kuwa madogo. Ibn al-Qayyim wa Damascus, faqihi mkubwa aliyefariki mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya furusiya, yaani elimu ya farasi na silaha, na ndani yake upigaji wa mishale una nafasi tukufu. Na katika karne hiyo hiyo Taybugha, mmoja wa Mamluki, alitunga shairi la mafunzo ya upinde na kulitungia sherehe yake yeye mwenyewe.

Basi tazama ni nini kilichopatikana hapa. Mshale ule ule ambao mikononi mwa mtu mmoja hupata shabaha, mikononi mwa mwingine hukosa, wala haukuongezeka wala haukupungua kitu. Kilichobadilika ni upinde. Mtu hawezi kuuliza ni mshale upi ulio bora kisha akanyamaza, maana suala lake halijatimia mpaka aseme ni upinde upi, na mkono wa nani, na umbali gani. Nami nadhani ya kwamba hapa ndipo tunapopata kuifahamu hadithi sahihi wanayoisimulia Bukhari na Muslim, ambamo Masahaba walimuuliza Mtume suala lile lile la wanafunzi wa Ukutani, yaani kama makazi ya kila mtu yamekwisha kuandikwa, je, tusiitegemee hiyo hati tukaacha kutenda? Jawabu lao lilikuwa kuamrishwa watende, kwa kuwa kila mmoja hurahisishiwa lile aliloumbiwa. Wengi wetu tunaisoma hadithi hii kana kwamba inatufungia mlango. Mimi naiona inatuonyesha kazi: ikiwa kila kitu kimeumbwa kwa kadiri yake, basi kuitafuta kadiri hiyo, kulibonyeza wano na kupima, kulikataa hili na kulikubali lile, si kushindana na aliyekadiria, bali ni kuisoma hati yake kwa njia pekee aliyotuachia ya kuisoma.

Lakini kuna njia nyingine ya kuhusiana na mishale, nayo Waarabu wa zama za ujahili waliijua sana, na Kurani imeikataza mara mbili katika Sura ya Al-Maida, aya ya 3 na aya ya 90. Hiyo ni kuuacha mshale ndio uchague. Ndani ya Al-Kaaba, mbele ya sanamu la Hubal, palikuwa na mishale isiyo na manyoya wala chembe, kila mmoja na maana yake. Mwenye shaka juu ya safari, ndoa au nasaba alikwenda akachotewa mmoja, na uliotoka ndio uliokuwa hukumu. Babu yake Mtume, Abdul-Muttalib, kama anavyosimulia mwandishi wa sira Ibn Ishaq, alitaka kumchinja mwanawe Abdallah kwa nadhiri aliyoiweka, akapigiwa kura ya mishale baina ya mtoto na ngamia kumi. Mshale ukamwangukia mtoto. Wakaongezwa kumi, ukamwangukia mtoto. Wakaongezwa tena na tena mpaka wakafika 100, ndipo ulipowaangukia ngamia, naye hakuridhika mpaka kura iliporudiwa. Mimi hustaajabu sana kwa kisa hiki. Mzee yule aliiheshimu mishale, hilo halina shaka, lakini mapenzi yake kwa mwanawe yalikuwa yakiipandishia bei kila mara mpaka ikasema aliyotamani kuyasikia.

Na Suraqa bin Malik alifanya zaidi ya hapo. Yeye ndiye aliyemfuatia Mtume na Abubakar katika Hijra kwa tamaa ya zawadi ya Makureshi, nayo ilikuwa ngamia 100. Bukhari anasimulia, kwa maneno yatokayo kwa Suraqa mwenyewe, kwamba farasi wake alijikwaa akamwangusha; akatoa mishale yake ya kupigia ramli, akauliza, na ukatoka ule aliouchukia; akaiasi mishale, akapanda, akaendelea kufuatia, mpaka miguu ya farasi ikazama ardhini hata magotini. Alipouliza tena ukatoka ule ule wa kuchukiza, na hapo ndipo alipopaza sauti kuomba amani, akaandikiwa hati yake juu ya kipande cha ngozi. Kuna na Imru' al-Qays, mshairi wa kabla ya Uislamu, ambaye husimuliwa kuwa alikwenda kuuliza juu ya kulipiza kisasi cha baba yake, na mishale ilipomkataza aliivunja, akalipiga nayo sanamu usoni, akaondoka kwenda kwenye kisasi chake. Watu hawa watatu hawakufanana kwa tabia, wala makusudio yao hayakufanana. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyetua mzigo wa ikhtiari pale mshale ulipotoka. Mmoja aliulizia mpaka akapata alichokitaka, wa pili aliasi mpaka ardhi ilipomshika, na wa tatu alivunja.

Nimekaa na kisa cha Suraqa kwa muda mrefu kwa sababu bado tunaye. Katika mitaa ya Mji Mkongwe na katika vijiji vya shamba wapo wapigao ramli kwa mchanga na kwa hesabu za majina, na wapo waendao kwao wakitafuta siku ya harusi, mwizi wa fedha zao, au jibu la mchumba. Sisemi hayo kwa kuwadharau. Mtu aliyefikwa na jambo kubwa huogopa, na mwenye khofu hupenda kupata wa kumbebea uamuzi wake. Kinachonisikitisha zaidi ni kuona jinsi istikhara, ambayo ndiyo badala tukufu tuliyofundishwa, inavyogeuzwa kuwa ramli ya namna nyingine: mtu anasali rakaa mbili kisha akalala kungoja ndoto, au anamwomba mwingine amtazamie kwa tasbihi, na ndoto isipokuja akasema hakujibiwa. Na ilhali hadithi ya Jabir, iliyomo katika Bukhari, inaanza na mtu ambaye amekwisha kulikusudia jambo; huyo ndiye anayeamrishwa kusali na kuomba kwamba jambo lake, kama lina heri kwake, lifanywe jepesi, na kama lina shari, liepushwe naye na yeye aepushwe nalo. Kwa hiyo anayesali istikhara amekwisha kupima mawano yake. Amechagua kwa akili aliyopewa, akataka ushauri kwa wenye kujua, akashika mshale mkononi, ndipo anapomwomba Mwenye njia amfungulie njia au amzibie; wala hakuna mahali katika dua ile panapomwambia aache kufikiri.

Juu ya msingi wa suala hili, madhehebu mbili zilizoishi pamoja katika kisiwa hiki, ambazo kila moja ilikuwa na kadhi wake chini ya utawala wa Masultani, zinakaribiana kuliko watu wa kawaida wanavyodhani. Mashafi wa hapa wamelelewa katika itikadi ya Imam Al-Ash'ari, na Maibadhi wana vitabu vyao. Lakini wote wawili wanasema ya kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa matendo ya waja, na kwamba mja ana kasbu, yaani tendo huwa lake kwa kulikusudia na kulichuma, na kwa hilo atahesabiwa. Watoto wa madrasa hufundishwa kwamba moto hauunguzi kwa nguvu zake wala kisu hakikati kwa nguvu zake. Hali kadhalika mshale haufiki kwa nguvu zake, wala kwa nguvu za upinde, wala kwa ustadi wa mwenye kuvuta. Baada ya kuachiwa upote yanabakia mambo mengi asiyoyamiliki mja: upepo unaogeuka, ndege anayekatiza, mnyama anayeinua kichwa. Yaliyo kabla ya kuachia ndiyo uwanja wake, na ndani ya uwanja huo hakuna tendo lililo lake zaidi kuliko kuchagua, kwa maana kuvuta ni kwa misuli, na misuli huchoka bila idhini ya mwenyewe, lakini kuchagua ni kwa nia na elimu.

Walio wepesi wa kusema "ndivyo ilivyoandikwa" wangefaa wamsikilize Sayyidna Omar. Mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na 639, alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni iliyokuwa imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kurejea. Sahaba Abu Ubayda alimlaumu kwa kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Mola huyo huyo, kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bondeni akakuta upande mmoja una malisho na wa pili ni mkavu: upande wowote atakaochungia, atakuwa amechungia kwa kadari. Ukiitafakari hoja hii utaona kuwa imekata mizizi ya uvivu. Kadari haikai upande mmoja wa bonde tu, wala haimo katika mshale mlegevu tu. Imo katika yote miwili, na hivyo haiwezi kuwa ndiyo sababu ya kuuchukua ule ulio mbovu.

Na uzito wa kuchagua haumwangukii mwenye kuvuta peke yake. Ipo hadithi, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Uqba bin Amir, inayosema kuwa kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huingiza watu watatu peponi: aliyeutengeneza akitarajia heri katika kuutengeneza, aliyeupiga, na aliyemkabidhi mpigaji. Fundi ametajwa wa kwanza, naye yuko mbali na uwanja, pengine hatajua mshale wake ulikwenda wapi. Alichohesabiwa ni nia yake alipokuwa akilinyosha wano. Nami sioni vipi thawabu igawanyike kwa watatu na lawama isigawanyike. Nchi yetu yenyewe iliona pinde na mishale, pamoja na mapanga na mikuki, katika usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, wakati vituo vya polisi vya mjini viliposhambuliwa. Wazee waliouona usiku ule hawajaafikiana juu yake mpaka leo, na si katika kurasa hizi nitakapoupimia mizani. Nasema tu ya kwamba kila silaha iliyokuwa mkononi mwa mtu usiku ule ilikuwa imepitia katika mikono mingine kabla ya hapo, na ile mikono nayo ina hesabu zake mbele ya Mola wake.

Yamebaki maneno ya mtu ambaye hana cha kuchagua, na bila ya kumtaja huyu hoja yangu ingekuwa ya matajiri wa mishale peke yao. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, baada ya wapiga mishale 50 waliowekwa kilimani kuuacha wengi wao mlima kwa tamaa ya ngawira, na Waislamu wakazungukwa kwa nyuma, Saad bin Abi Waqqas alisimama karibu na Mtume akipiga, na Mtume akimpokeza mishale mmoja baada ya mwingine. Ibn Ishaq anapokea kutoka kwa Saad kwamba ilifika hadi akapokezwa mshale usio na chembe, naye akaamrishwa kuupiga. Fikiri: mshale usio na chembe ni mwepesi mbele, hautoboi ngao wala ngozi, na mjuzi yeyote angeuweka kando. Tena waliokuwa pale walikuwa wajuzi, na aliyeukabidhi alikuwa mtu ambaye dua yake haikuhitaji mshale. Wapo watakaosema hiyo ni dalili kuwa chombo si kitu. Mimi siioni hivyo, kwa kuwa mishale iliyokuwa na vyembe ilitangulia kupokezwa na kupigwa, na huu ulifuata ilipokuwa hakuna tena mwingine. Na aya ya 60 ya Al-Anfal, inayoamrisha maandalizi, imeyawekea kiasi cha uwezo wetu, haikudai kisichokuwamo ghalani. Mwenye podo lililojaa na mwenye mshale mmoja usio na chembe hawataulizwa suala moja: wa kwanza ataulizwa alipima vipi na akachagua kwa nia gani, na wa pili, aliyebakiwa na hiari ya kupiga au kutopiga tu, ataulizwa hilo, wala hataulizwa kuhusu chembe.